Kuingia jeshi na kosa dogo nyuma yako: sheria inasema moja, mtaa unasema lingine

Tarehe 3 mwezi wa kumi na moja 2022, rais Félix Tshisekedi alihutubia taifa na kuita vijana waingie jeshi ili kupambana na M23. Siku zilizofuata mistari ilionekana Goma, Bukavu, Beni na miji mingine: wanafunzi, waendesha moto, mafundi, vijana wasio na kazi. Mwezi wa tatu 2025, wakati Goma na Bukavu zilikuwa zimekwisha kuanguka, rais aliamuru mshahara wa askari uongezwe mara mbili, na hamu ikapanda tena.

Anayetaka kuandikwa FARDC huombwa bahasha ya karatasi. Kati ya diplome, hati ya kuzaliwa na picha, mbili hazina uhusiano na nguvu ya miguu wala uzuri wa macho. Moja ni cheti cha mwenendo mwema, kinachotoka kwa viongozi wa mtaa na komine. Nyingine ni kazie judisiere, karatasi ya parke inayoonyesha kama mwenye jina hili amewahi kuhukumiwa na mahakama.

Hapo ndipo baadhi ya vijana wanarudi nyumbani bila hata kufika kwenye meza ya daktari wa jeshi. Mmoja aliwahi kulala kasho kwa ajili ya ugomvi wa nganda. Mwingine alikutwa na simu ambayo haikuwa yake. Wa tatu alitukana mtu mkubwa mbele ya watu, na mkubwa akapeleka kesi. Je, mlango umefungwa kwao?

Katiba inasema nini

Kifungu cha 189 cha katiba kinataka hesabu ya askari na vyeo vya amri vifuate vipimo vinavyoeleweka: uwezo wa mwili, elimu ya kutosha, tabia iliyothibitika, na uwakilishi wa haki wa majimbo yote. Kifaransa cha katiba kinasema « moralité éprouvée ». Ni tabia iliyopimwa, kama vile fundi anavyopima ubao kabla ya kupigilia msumari. Katiba haikuandika « mtu asiyewahi kukosa ». Kama ingeandika hivyo, kambi nyingi zingebaki tupu.

Sheria namba 13/005 ya tarehe 15 mwezi wa kwanza 2013, inayopanga maisha ya askari wa FARDC, ndiyo inayotengeneza njia ya kuingia na kutoka katika jeshi. Matangazo ya kuandikisha yanairudilia kwa maneno mafupi: uwe Mkongomani, umri usiwe chini ya miaka 18, afya nzuri, shule, tabia njema. Neno « tabia njema » ni fupi sana kwa kazi kubwa namna hiyo. Kijana anayelisoma ukutani haelewi kama kofi alilompiga mwenzake miaka 3 iliyopita limo ndani yake au limebaki nje.

Kasho si hukumu

Kosa la kwanza la vijana wengi ni kuchanganya vitu vitatu: kukamatwa, kulipa amande, na kuhukumiwa.

Chukua mfano wa kijana wa Butembo, miaka 22, fundi wa moto. Jumamosi moja alipigana na mwenzake, mwenzake akatoka na jino limevunjika. Polisi wakamfunga kasho usiku, asubuhi akapelekwa mbele ya OPJ. Kifungu cha 18 cha katiba hakiruhusu polisi kumshika zaidi ya saa 48. Baada ya hapo wanapaswa kumwachilia au kumpeleka mbele ya ofisi ya mahakama yenye mamlaka. Na kifungu cha 17 kinamhesabu hana kosa mpaka hukumu ya mwisho itoke. Kwa hiyo usiku ule wa kasho, hata kama uliuma mbavu na mtaa mzima uliuona, haumfanyi kuwa mtu aliyehukumiwa. Hauna nafasi kwenye kazie.

Njia ya pili ni amande. Kifungu cha 9 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinamruhusu OPJ, pale anapoona kwamba jaji angetoa amande tu, kumwambia mtuhumiwa alipe kiasi fulani kwenye hazina ya serikali. Akikwisha kulipa, kesi inakufa, isipokuwa parke iamue kuendelea nayo. Sheria ile ile inaongeza sentensi ambayo wachache wanaijua: kulipa amande hiyo si kukubali kosa. Fundi wetu wa Butembo, kama alimalizana hivyo, anaweza kusema mbele ya meza ya kuandikisha kwamba hajahukumiwa, na atakuwa anasema kweli.

Tatizo ni risiti. Amande ya kweli inaingia hazina na inaacha karatasi. Pesa iliyoingia mfuko wa mtu haiachi kitu, na haiui kesi yoyote. Anayeshika risiti yake kwenye plastiki, pamoja na kadi ya mpiga kura, ana silaha bora kuliko anayesema « tulielewana na mkubwa pale ofisini ».

Njia ya tatu ni hukumu yenyewe, na hapa mambo yanakuwa mazito. Kifungu cha 46 cha sheria ya jinai kinatoa siku 8 mpaka miezi 6 ya kifungo kwa kipigo cha kawaida. Lakini wizi, hata bila kutumia nguvu wala vitisho, unaweza kufika miaka 5. Sheria haitofautishi kuku ya jirani na gunia la kakao. Ni jaji anayepima. Ndiyo sababu neno « kosa dogo » ni la mtaani zaidi kuliko la mahakama. Mtu aliyeiba kuku na kupewa miezi 2 anajiona mwenye kosa dogo, lakini kwenye karatasi jina la kosa lake ni lile lile la aliyeiba moto wa mtu.

Bado kuna mlango. Jaji anaweza kutoa kifungo kisha akasimamisha utekelezaji wake, kile watu wa sheria wanaita sursi. Mhukumiwa anarudi nyumbani na muda wa kujaribiwa. Kama hakupata hukumu mpya ndani ya muda ule, ile ya kwanza inahesabiwa kama haikuwapo. Kijana wa namna hiyo, aliyetulia mpaka muda ukaisha, hana sababu ya kujificha. Anachohitaji ni nakala ya hukumu yake kutoka kwa karani wa mahakama, sababu bila nakala hakuna atakayemwamini kwa maneno.

Kumbukumbu iko mdomoni mwa shefu

Haya yote ni upande wa mahakama. Upande wa mtaa unakwenda tofauti, na kwa vijana wengi wa mashariki ndio unaoamua.

Cheti cha mwenendo mwema hakitoki katika mashine. Kinaanzia kwa shefu wa avenyu au wa kartie, ambaye hatazami hukumu, anatazama mtu. Anakumbuka nani alivunja dirisha la kanisa, nani alikamatwa na polisi mwaka jana, nani anavuta bangi nyuma ya kiwanja. Hajui, wala hahitajiki kujua, kwamba kesi ile ya dirisha ilikwisha kwa amande. Anaweza kukataa. Anaweza pia kuchelewesha mpaka kijana aelewe mwenyewe kwamba kuna kitu kinangojewa.

Si vibaya kwamba shefu anaulizwa. Katika inchi ambamo watu wengi hawana hati ya kuzaliwa na ofisi nyingi za serikali zimechomwa au kuhamishwa zaidi ya mara moja, shefu mara nyingi ndiye daftari pekee lililobaki. Anajua kama kijana ana kweli miaka 18, na hilo si jambo dogo: tangu mwezi wa kumi 2012 serikali ilitia sahihi na Umoja wa Mataifa mpango wa kuzuia watoto wasiingizwe jeshini, na sheria ya 2009 ya ulinzi wa mtoto inatoa kifungo cha miaka 10 mpaka 20 kwa anayeandikisha mtoto katika jeshi, polisi au makundi yenye silaha. Lakini daftari hili la mdomo halina kurasa za kufuta. Mahakama inaweza kusamehe baada ya muda. Kartie haina muda.

Hapo ndipo biashara inazaliwa. Kijana anayeogopa shefu au parke anaambiwa kwamba kuna mtu mjini anayetengeneza karatasi « safi », zenye mhuri. Watu wa sheria wanapaswa kupiga kelele zaidi juu ya hili. Kughushi maandishi ni kosa la kifungu cha 124 cha sheria ya jinai, miezi 6 mpaka miaka 5, na anayetumia karatasi ya uongo akijua haachwi nje. Fundi wa Butembo aliyekuwa na kesi ya jino, ambayo kwa kifungu cha 46 isingepita miezi 6 hata mbele ya jaji, amejinunulia kosa linaloweza kufika miaka 5. Na akigunduliwa akiwa tayari amevaa uniforme, atasimama mbele ya ofisi ya mashtaka ya jeshi.

Wakubwa waliopita bila bahasha

Kinachowauma vijana hawa si karatasi tu. Ni kuona nani aliingia bila karatasi.

Mwisho wa 2004, Kinshasa iliwapa cheo cha jenerali wakuu kadhaa wa makundi ya Ituri, kati yao Germain Katanga na Jérôme Kakwavu. Hakuna aliyepanga mstari. Katanga alikwenda mpaka La Haye, na mwaka 2014 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, CPI, ikamhukumu miaka 12. Mwaka ule ule, Mahakama Kuu ya Kijeshi mjini Kinshasa ilimhukumu Kakwavu miaka 10, ubakaji ukiwa kati ya makosa yake.

Bosco Ntaganda ni mfano unaojulikana zaidi Kivu. CPI ilitoa hati ya kumkamata mwaka 2006 na kuitangaza 2008. Mwaka 2009, CNDP ilipoingizwa katika FARDC, aliingia kama jenerali na akawa mtu mkubwa wa operesheni katika Kivu, huku akionekana Goma, mjini, mbele ya macho ya wote. Mwezi wa nne 2012 uasi ulianza tena ukazaa M23. Mwaka 2013 alijipeleka mwenyewe katika ubalozi wa Marekani Kigali. Mwaka 2019 CPI ilimpa miaka 30. Hati ya kimataifa ya kukamatwa haikumzuia kuvaa nyota. Simu ya wizi inamzuia kijana wa Katindo kuvaa hata buti.

Sheria za msamaha nazo zilikwenda njia hiyo hiyo. Ile ya mwezi wa pili 2014, namba 14/006, ilisamehe matendo ya uasi, ya vita na makosa ya kisiasa. Iliacha nje uhalifu wa kivita, ubakaji, uandikishaji wa watoto na makosa mengine mazito, na hilo lilikuwa sawa. Lakini aliyechukua bunduki dhidi ya serikali aliweza kupata karatasi ya msamaha wa uasi wake, na aliyechukua kuku hakupata. Haikuandikwa kwa ajili yake.

Serikali inasema wakati ule umepita. P-DDRCS, programu ya kuwapokonya silaha na kuwarudisha wapiganaji katika jamii iliyoundwa mwezi wa saba 2021, ilijengwa juu ya wazo kwamba kundi zima halitaingizwa tena jeshini kwa pamoja kama wakati wa brasaje na mixaje. Mpiganaji wa zamani anarudi kwao kulima au kujifunza kazi. Wazo ni zuri. Kisha vita vya M23 vikarudi, Wazalendo wakawa mstari wa mbele, na mwaka 2023 serikali ikaunda Reserve ya Jeshi kwa Ulinzi, RAD, ili kuwapa watu hao mahali katika sheria. Guidon Shimiray Mwissa, ambaye mwaka 2019 ofisi ya mashtaka ya jeshi ilitoa hati ya kumkamata, alikuwa kati ya wakuu ambao wapiganaji wao walisimama upande mmoja na FARDC.

Kwa kijana aliyekataliwa na shefu, hesabu inakuwa rahisi na ya hatari. Kundi la msituni haliombi kazie. Linaomba miguu. Na anayekaa humo muda wa kutosha anaweza kujikuta karibu na uniforme kwa haraka kuliko aliyengojea muhuri wa komine. Hakuna afisa wa kuandikisha anayeweza kueleza hili kwa kijana wa miaka 20 bila kutazama chini.

Karatasi safi haitoshi

Kuna wanaojibu kwamba dawa ni kukaza zaidi: asiingie yeyote mwenye hata alama moja. Historia ya Minova inawatia mashaka.

Mwaka 2010, batayo ya 391 ilifundishwa na Wamarekani huko Camp Base, Kisangani. Sheria ya Marekani inakataza kusaidia vikosi ambavyo kuna habari za kuaminika kwamba vilifanya uhalifu mkubwa dhidi ya haki za binadamu, kwa hiyo kulikuwa na uchunguzi kabla ya mafunzo, uchunguzi ambao askari wengi wa FARDC hawajawahi kupitia. Mwezi wa kumi na moja 2012, M23 ilipoingia Goma na FARDC wakakimbilia Minova, wanawake wengi walibakwa na nyumba zikaporwa. Batayo ya 391 ilikuwa kati ya vikosi vilivyotajwa. Kesi ilisikilizwa Goma na mahakama ya kijeshi ya operesheni. Mwezi wa tano 2014, kati ya washtakiwa 39, wawili tu walipatikana na hatia ya ubakaji.

Kilichokosekana Minova hakikuwa kwenye bahasha za kuandikishwa. Amri ilikuwa imevunjika, askari walikuwa wanarudi nyuma bila mkubwa wa kuwazuia, na aliyefanya alijua kwamba kuna nafasi kubwa ya kutolipa. Mtu wa kazie nyeupe alifanya humo mambo ambayo mwizi wa simu hajawahi kuyawaza.

Hii haimaanishi kwamba kila kosa lifungiwe macho. Aliyehukumiwa kwa ubakaji, kwa wizi wa silaha, kwa kupiga watu mara kwa mara hapaswi kupewa bunduki ya serikali, na mama wa Rutshuru au wa Irumu anayekutana na barriere usiku ana haki ya kujua kwamba aliyemulika tochi usoni mwake alichujwa. Lakini kuchuja ni kazi ya kuandika: kosa gani linafunga mlango daima, lipi linafunga kwa miaka mingapi, lipi halihesabiwi, na nani anapokea malalamiko ya aliyekataliwa. Orodha kama hiyo ikibandikwa ukutani kwa Kiswahili pamoja na tangazo la umri na diplome, shefu atapoteza sehemu ya nguvu zake, na mwenye mihuri mjini atapoteza wateja.

Walioacha parke nyuma yao

Kwa sasa kuna kundi ambalo halijafika hata kwenye swali la kosa. Ni vijana waliokimbia Goma, Masisi, Rutshuru au Bukavu tangu 2025 na wanataka kuandikwa Beni, Bunia au Kisangani. Kartie yao ya kuzaliwa iko chini ya AFC/M23. Ofisi za parke za serikali huko hazifanyi kazi tena. Shefu aliyewajua amekimbia, au amebaki na hawezi kutia sahihi karatasi ya kumpeleka mtu FARDC bila kuhatarisha shingo yake.

Gereza la Munzenze lilifunguka mwezi wa kwanza 2025 wakati mji ulipoanguka, na maelfu ya wafungwa wakatoka. Beni ilikuwa imeona jambo kama hilo mwezi wa kumi 2020, Kangbayi ilipovamiwa na wafungwa zaidi ya 1.300 wakatoroka. Kwa hiyo afisa anayempokea kijana mgeni kutoka Goma ana hofu yenye msingi: huyu anaweza kuwa mwanafunzi wa Himbi, anaweza kuwa mtu aliyetoka selo. Na tangu mwezi wa tano 2021, chini ya utawala wa kijeshi wa état de siège, kesi za jinai za raia wa Kivu ya Kaskazini na Ituri zilipelekwa mbele ya mahakama za kijeshi, jambo linalofanya kumbukumbu za miaka ile ziwe zimegawanyika kati ya nyumba mbili.

Watetezi wanawashauri vijana wa namna hii wasikae mikono mitupu. Kadi ya mpiga kura, hata kama wino umeanza kufutika. Barua ya shule au ya parokia inayowajua. Watu wawili kutoka mtaa ule ule, waliokimbia nao, wanaokubali kusimama mbele ya burgumesta wa mahali walipofikia na kusema wanamjua huyu. Na aliye na kesi ya zamani aiseme mwenyewe, mapema, pamoja na risiti au nakala ya hukumu kama anayo, kabla hajapanda gari la kwenda Kitona au Kamina.